Pini ya Mgeni Kule Ainabkoi

Ninyi walimu wapya mnaoingia darasani siku hizi na laptopu kwapani, nianze na ushauri ambao chuoni hawatawapa. Pini, ile alama ya kuonyesha mahali, ikitokea kwenye ramani ya darasa mtandaoni na hakuna mwanafunzi anayekubali kuwa ndiye aliyeiweka, msiifute kwanza. Mimi niliifuta, ikarudi. Nikaifuta tena, na kesho yake asubuhi nikaikuta imekaa palepale inanitazama.

Nitafika huko. Mzee akistaafu haharakishwi, na mimi ni mzee sasa, ingawa wanafunzi wangu wa zamani wakikutana nami sokoni bado wananiita Madam na kuficha sigara.

Nimefundisha historia na mafunzo ya jamii hapa Eldoret karibu maisha yangu yote ya kazi. Nilitoka pande za ziwa nikiwa msichana mwembamba, nimebeba sanduku moja na sina hata sweta. Nilidhani nakuja kwa miaka michache. Baridi ya huku sijaizoea hadi leo, na mkinikuta nyumbani kwangu Munyaka mchana wa Julai mtaniona nimejifunika blanketi kama mgonjwa.

Aliyenifunza kazi ni Mwalimu Wafula, mkuu wa idara yetu, Mungu amlaze pema. Wafula alichora ramani ya Afrika ubaoni akiwa ameupa ubao mgongo, huku anazungumza na darasa, na Madagaska ikakaa mahali pake. Hatukuwa na kitu kingine. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: "Adhiambo, mahali ambapo hujapakanyaga, usipafundishe." Nilimuuliza kama yeye alikuwa amekanyaga Misri. Akasema Misri anaiomba msamaha kila muhula.

Basi mtandao ulipofika shuleni kwetu, mimi nilikuwa wa kwanza kuusherehekea. Niliona sheria ya Wafula imekufa, maana sasa tungekanyaga kila mahali bila kuinuka kitini. Wiki ya kwanza nikawapeleka watoto kwenye jumba la makumbusho la mbali, lile unalotembea ndani yake kwa kubofya mishale. Nilimkabidhi kipanya mvulana mwenye mkono mwepesi kuliko wote, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Alitupandisha juu ya dari na hakujua kutushusha. Kipindi kizima tulitazama taa za watu, na mwisho nikaulizwa kama hizo taa zitakuja kwenye mtihani.

Tangu siku hiyo kipanya nilimpa mtoto mwoga. Mwoga huenda polepole, na wenzake hupata nafasi ya kuona. Tena fungueni ramani asubuhi na mapema katika ofisi ya walimu, ili picha ziwe zimeshaingia kabla mtandao haujakata. Mimi bando langu nilinunua kwa Abdi, mwenye duka la simu karibu na stendi, mtu wa kaskazini mwenye maneno machache, na kila mara alinitania kwamba walimu wa historia wanatumia intaneti nyingi kutafuta watu waliokufa.

Sasa hayo ya pini.

Uwanda huu wetu wa Uasin Gishu una mashimo ya mviringo, mapana kiasi cha kutoshea nyumba, na yameota nyasi. Watu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Wasirikwa walikaa hapa zamani na ng'ombe wao, na yale mashimo yalikuwa mazizi yao. Kisha hawakuonekana tena. Wengine husema walihama, wengine husema walimezwa na majirani na damu yao ingali humu humu kwetu. Kuna wazee ambao hawalimi ndani ya shimo na hawapendi mtoto alale humo. Ukiwauliza sababu wanabadilisha mazungumzo na kukuuliza kama umekunywa chai.

Nilikuwa na darasa la Gredi ya Tisa, mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Nikatengeneza ramani ya pamoja, ile ambayo picha yake imepigwa kutoka angani, na kila mwanafunzi mwenye linki angeweza kuchomeka pini na kuiwekea maelezo au sauti. Kazi ilikuwa rahisi: tafuta shimo la Wasirikwa karibu na kwenu, liwekee pini, kisha mhoji mtu mzima anayelijua.

Wueh! Zile pini! Walichomeka matangi ya maji. Walichomeka josho la ng'ombe. Mmoja alichomeka bwawa la kuogelea la mwanariadha mmoja tajiri na akaandika kwamba Wasirikwa walikuwa watu wasafi. Ikabidi niwafundishe kusoma duara. Shimo la kweli lina pengo upande mmoja, ndio mlango, na mlango huo hutazama chini mteremkoni ili maji na samadi vitoke. Nje ya mlango kuna kilima kidogo cha uchafu uliozolewa. Duara lisilo na mlango ni tangi la mtu, liacheni.

Katikati ya fujo hiyo ndipo nilipoiona ile nyingine. Ilikuwa Ainabkoi, katikati ya shamba la mahindi, mahali palipokuwa kijani kitupu. Pini zote zilikuwa na jina la aliyeziweka. Hii iliandikwa "Mgeni", kama ramani inavyomwandika mtu aliyeingia bila kujitambulisha. Haikuwa na maelezo wala sauti. Nilijua ni utundu, nikaifuta, na ndivyo nilivyoingia katika hayo niliyowaambia mwanzoni.

Iliporudi mara ya pili nilikasirika. Nikasimama mbele ya darasa.

"Nani anachezea kazi yangu kule Ainabkoi?"

Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono polepole. Aliitwa Chebet. Alikuwa mtoto mpole, ndiye niliyekuwa nampa kipanya.

"Madam, hapo ni kwetu. Hiyo shamba ni ya kogo yangu. Lakini si mimi nimeweka, haki ya Mungu."

Kogo ni bibi, kwa wale mnaotoka mbali. Nikamuuliza kama kuna shimo pale. Akasema hakuna, ni mahindi tu tangu azaliwe. Nikataka kuendelea na somo, lakini mtoto hakuketi.

"Madam, rudisha nyuma miaka."

Ramani hizo zina kitelezi. Unakivuta na picha zinarudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, nyumba zinapungua, miti inarudi, barabara inakuwa njia ya mguu. Mimi nilikipenda kuliko kitu chochote kwenye mtandao, na pia nilikiogopa kidogo, maana kinaonyesha vitu vilivyoondoka bila kusema vilienda wapi. Nikakivuta. Mahindi, mahindi, ngano, mahindi. Kisha ikaja picha ya mwaka mmoja wa ukame. Shamba zima lilikuwa limekauka, la manjano, isipokuwa duara moja la kijani kibichi pale pale penye pini. Duara lilikuwa na pengo upande wa chini, na nje ya pengo kulikuwa na doa jingine la kijani.

Wa nyuma waliacha madawati yao wakaja mbele kuona.

Niliwaeleza kama mwalimu. Shimo likilimwa na trekta hujaa udongo, lakini ile samadi ya zamani hubaki chini. Mwaka wa ukame mahindi ya juu yake hayafi, kwa hiyo shimo linachungulia. Maelezo hayo ni ya kweli na nitayatetea popote. Lakini hayaelezi jambo moja: aliyechomeka pini aliichomeka mahali ambapo macho hayaoni kitu.

Baada ya kengele Chebet alibaki. Akasimama karibu na meza yangu, akivutavuta mkono wa sweta.

"Madam, kogo husema kulikuwa na shimo. Kila siku anasema. Hakuna mtu humwamini. Dadi anasema akili imeanza kuchoka."

Akanieleza yote. Kogo alikuwa anatembea ndani ya mahindi akimwita mtu. Majirani walikuwa wamemkuta mara kadhaa, amelowa umande, hasikii akiitwa. Baba yake Chebet, huyo Dadi aliye mwana wa Kogo, alikuwa ameamua kumleta mjini Munyaka likizo ya Agosti na shamba likodishwe. Kogo alikataa. Alisema hawezi kutoka Ainabkoi kabla hajapata lile shimo, na kwamba wakimbeba kwa nguvu atakufa njiani. Siku zilikuwa zinayoyoma na nyumbani hawakuwa wanaongea tena, isipokuwa kugombana kwa simu.

"Anamwita nani?"

"Dada yake. Taplelei. Dadi anasema kogo hakuwahi kuwa na dada."

Nikamwambia afanye kazi niliyowapa wote. Mhoji mtu mzima, rekodi, ulete. Vijana, hili mlishike kuliko mengine yote: mtandao utawaonyesha duara, lakini hautawaambia nani alikuwa amekaa ndani.

Jumatatu akaniletea sauti. Niliisikiliza peke yangu katika ofisi ya walimu. Kogo alizungumza Kikalenjin, na Chebet alitafsiri kidogo kidogo. Walikuwa wasichana wawili, yeye na Taplelei, wakati shamba lile lilikuwa la mzungu na wazazi wao walikuwa vibarua humo. Walilala kwenye ngozi moja na blanketi moja. Kogo alicheka hapo, kicheko cha mtu mwenye meno machache. Alisema yule mdogo alikuwa mwizi wa blanketi, analivuta usiku kucha, na asubuhi wewe mkubwa unaamka umeganda. Siku moja walikuwa wanachunga. Ng'ombe mmoja akaingia kwenye ngano ya mzungu. Kogo akamweka mdogo wake ndani ya shimo, mlangoni panapotazama mto, akamwambia: keti hapa, usitoke mpaka nije nikuambie toka. Akamkimbilia ng'ombe. Aliporudi shimo lilikuwa tupu.

Watu walitafuta. Wakasema ni fisi. Mama yao akakataza jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba, na halikutajwa, ndiyo maana watoto wa Kogo hawakulijua. Msimu uliofuata trekta la mzungu likalima mpaka pale, shimo likafukiwa, na yeye mwenyewe akapoteza mahali.

Kisha sauti ikasema jambo ambalo Chebet alilitafsiri mara mbili, nadhani kwa sababu hakuamini. "Kogo anasema yule mtoto alikuwa anatii sana. Anasema hajatoka, kwa sababu hakuna mtu amemwambia atoke."

Niliizima simu. Nilikaa pale nikisikiliza wanafunzi wakicheza mpira nje, na nikamkumbuka Wafula. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimefundisha Ainabkoi muhula mzima na sikuwa nimekanyaga.

Tulienda Jumamosi. Baba yake Chebet alitupeleka kwa pikapu yake. Ni mtu mwenye heshima, fundi wa mitambo ya maziwa, na njia nzima alinieleza kwa upole kwamba ninamharibia mambo.

"Madam, wewe ni mwalimu, nakuheshimu. Lakini ukimpeleka mama hapo, hatatoka tena. Mimi nataka tu asikufe peke yake kwa hiyo baridi. Ni makosa?"

Nikamwambia si makosa. Na kweli niliogopa kwamba yuko sahihi.

Kogo alitungoja nje ya nyumba. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na viatu, na amefunga kitambaa cheupe. Nikamsalimu "Chamgei" kwa matamshi yangu ya ziwani, akanishika mkono muda mrefu. Hakuuliza tunaenda wapi. Alimuuliza Chebet kitu kimoja tu, na Chebet akanitafsiria: "Anauliza kama umeona mlango."

"Nimeona, Mama. Unatazama mto."

Akaitikia kwa kichwa na akaanza kutembea.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, lakini ukungu wa Ainabkoi ulikuwa haujainuka. Mahindi yalikuwa yamepita vichwa vyetu. Nilishika simu mbele yangu kama kurunzi, nikifuata lile doa la buluu ambalo ndilo sisi, likisogea kuelekea ile pini ya Mgeni. Majani yalitukwaruza na kutumwagia maji. Nilisikia nyayo zetu, halafu nikaanza kusikia kana kwamba zipo nyayo nyingine mstari wa pili, nyepesi, zinazosimama tukisimama. Mahindi hufanya sauti nyingi, nalijua hilo.

Doa na pini vilipokutana sikuhitaji simu kuniambia. Mahindi pale yalikuwa marefu zaidi na meusi zaidi. Udongo ulikuwa laini, mguu uliingia. Na upepo ulikatika kabisa. Nyuma yetu shamba lilikuwa likipepea, lakini ndani ya duara lile hakuna jani lililotikisika. Baba yake Chebet alivua kofia yake na sidhani alijua kwamba ameivua.

Kogo alizunguka akishika mahindi moja moja kama mtu anayepita chumbani gizani. Akafika upande wa chini, ule wa mto. Akasimama. Akachuchumaa, mzee yule na magoti yale, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto mdogo aliyeketi. Akasema neno moja kwa Kikalenjin, kwa sauti ya kawaida tu, namna unavyomwambia mtoto chakula kiko tayari.

Sikuhitaji tafsiri, lakini Chebet akanong'ona hata hivyo: "Toka. Anasema toka, twende nyumbani."

Nililia, siwafichi. Wote tulisimama vile, na hakuna kilichotokea ambacho ningeweza kukiandika kwenye ripoti ya shule. Upepo ulirudi, mahindi yakaanza kuongea tena. Kogo alinyoosha mkono wake wa kushoto kando, chini kidogo, vidole vimefunguka. Kisha vidole vikafumba. Akainuka bila kushika chochote kwa mkono ule, na alipokuwa akitoka shambani hakuutumia kusukuma mahindi. Aliyasukuma kwa mkono wa kulia tu.

Nikatazama simu ili nihifadhi mahali pale. Doa la buluu lilikuwepo. Pini haikuwepo. Nilidhani bando limekwisha. Jumatatu nikaenda kwa Abdi kugombana, akaangalia, akaniambia bando langu liko, halijaguswa hata nusu, na kama nimepoteza kitu nimuulize Mungu, yeye anauza vocha tu. Nikauliza darasa. Nikauliza wazazi, maana linki ilikuwa imezunguka kwenye kundi lao la simu na mtu yeyote angeweza kuweka, na mtu yeyote angeweza kufuta. Hayo ndiyo maelezo yangu na ninayashikilia. Hakuna aliyekubali.

Agosti ilipofika Kogo aliingia mwenyewe kwenye pikapu. Mwanawe alijiandaa kwa vita na hakupata hata mabishano. Sasa Kogo anaishi Munyaka, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ndiye aliyenifundisha kunywa mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, bila kukunja uso. Mahindini hajaenda tena, wala simsikii akiita mtu.

Kwa hiyo, walimu wangu wadogo, tumieni hizo ramani. Vuteni kitelezi, wapeni waoga kipanya, waulizeni watoto wanaona nini na wanajuaje. Lakini kabla muhula haujaisha vaeni viatu mwende mkakanyage, maana kuna watu wanangoja kwenye hizo ramani zenu na hawatatoka kwa kubofya.

Wiki iliyopita nilimpelekea Kogo blanketi jipya, zito, kwa kuwa Julai hii imekuwa mbaya. Chebet alikuwepo, amekuwa mrefu, anasoma sekondari ya juu na anataka kufundisha. Kogo alilipapasa blanketi, akalikunjua, akapima upana wake kwa mikono, na akafurahi. Akasema kwa Kiswahili chake, ili nisikie mwenyewe, mkono wa kushoto ukipapasa nafasi tupu kando yake:

"Hii ni kubwa, sasa itatosha. Ile ingine, huyu mtoto anavuta yote."